Imepona ao Imefungwa Tu?

Mimi ni Mkongomani, naishi hapa Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, na kazi yangu ni kutengeneza magari. Gereji yangu haina ukuta. Ni mti mmoja, turubai na sanduku la spana. Leo nataka niwasimulie habari ya mkono wa gia uliolegea, na uongo mmoja wa neno moja tu niliousema chini ya mti huo.

Kuna mzee wa kwetu Kivu ana Toyota Corolla ya miaka ya 1990, ya gia za mkono. Anabeba watu kutoka Base Camp kwenda Mbarara: wenye biashara, wanafunzi, na mara nyingi wagonjwa waliopewa barua ya kwenda hospitali kubwa. Asubuhi moja alikuja kwangu, hata salamu hakumaliza.

"Mutoto yangu, hii levye inacheza kama kijiko ndani ya chungu. Natafuta gia ya pili, napata ya ine."

Levye ndivyo tunavyoita sisi tuliotoka Kongo. Mafundi wa hapa wanasema gia leva. Kitu ni kile kile.

Mkono wa gia ukilegea, watu wengi wanaogopa kwamba giaboksi imekufa. Mara nyingi siyo. Kwenye Corolla ya aina hii mkono haugusi giaboksi. Chini yake kuna kebo mbili zinazopita mpaka mbele, kwenye injini. Moja inasogeza kushoto na kulia, kuchagua njia ya gia. Nyingine inasukuma mbele na nyuma, kuingiza gia yenyewe. Kila mahali kebo inaposhikana na kipini kuna bushi, kipete kidogo cha plastiki au mpira. Pale mkono unapoegemea kuna bushi nyingine. Gari likizeeka, bushi zinalika. Nafasi ya milimita chache kule chini, juu mkononi inakuwa mchezo mkubwa.

Kutafuta ugonjwa ni rahisi mkiwa wawili. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka jiwe kwenye tairi. Mmoja akae ndani asogeze mkono polepole, mwingine afungue boneti aangalie kebo zinapoingia kwenye giaboksi. Mkono ukisogea na kule mbele hakuna kinachosogea, fuata kebo mpaka uone mwendo unapopotelea. Angalia pia kama nati za kitako cha mkono zimelegea. Kama mkono uko imara ila gia zinapiga kelele zikiingia, usihangaike na bushi, angalia klachi.

Nilifungua kava ya katikati ya viti nikaona haraka. Bushi ya kebo ya kuchagua ilikuwa imeisha kabisa, kipini kinacheza ndani ya tundu tupu. Bushi mpya hapa kambini hakuna. Mzee alikuwa na abiria wa mchana na mimi sikutaka aende kwa fundi mwingine. Nilikuwa nimefungua gereji miezi miwili tu, na wateja walikuwa wa kuhesabu.

Nikakata kipande cha mpira wa tairi, nikakitoboa, nikakisukumiza ndani ya tundu, nikarudisha kipini. Mkono ukakaza vizuri sana. Ila wakati nasukuma niliona ukingo wa chuma umeshaanza kuukata ule mpira. Niliuona kwa macho yangu. Halafu nikapaka grisi juu, nikidhani nasaidia, kumbe mpira wa tairi ukikaa na grisi unavimba na kulainika.

Mzee akajaribu gia zote, akacheka. "Motokari imepona?"

"Imepona, Papa."

Akanipa shilingi 10,000, akaenda.

Siku ya sita simu ikaita. Gari lilikuwa limesimama kwenye kilima, kabla ya kufika lami, likiwa na watu saba. Alipotaka kushuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili, mkono ukawa mwepesi, hauna kitu chini yake. Kebo ilikuwa imechomoka. Gari likaanza kurudi nyuma. Mzee alikanyaga breki, kijana mmoja akaruka nje akaweka jiwe nyuma ya tairi. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini ndani alikuwamo mama mwenye mtoto mgonjwa wa kupelekwa Mbarara. Walikaa pale juani karibu saa mbili kabla ya kupata gari lingine.

Nilifika kwa bodaboda nikiwa na waya na koleo. Yule mama alikuwa bado yupo, amemfunika mtoto kwa kitenge. Hakujua mimi ni nani. Aliniuliza tu, "Fundi, itachukua muda gani?" Nilishindwa kumtazama.

Mtoto alitibiwa, baadaye nilimwona akicheza karibu na bomba la maji. Naliandika hili ili msibaki na wasiwasi. Ila kwangu halibadilishi kitu. Mimi sikujua kwamba angepona wakati nasema "imepona, Papa".

Nilifunga kebo kwa waya, tukarudi mwendo wa kinyonga. Njiani nikamwambia mzee ukweli wote, hata ule mkato niliouona. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema: "Ungeniambia ni ya kwa muda, ningebeba viazi siku ile. Nisingebeba watu."

Neno hilo limenikaa. Sisi hapa tumechoka na "kwa muda". Tulipewa turubai la kwa muda, tumelilalia miaka. Karatasi ni za kwa muda, shule ilikuwa ya kwa muda. Nafikiri ndiyo maana ulimi wangu ulikataa kulitamka. Nilitaka mtu mmoja aondoke kwangu na kitu kilichokamilika. Lakini kutengeneza kwa muda siyo aibu. Kumficha mwenye gari ndiyo aibu, kwa sababu unamnyima nafasi ya kuamua mwenyewe abebe viazi au abebe watu.

Kesho yake nilifungua mkono wote pamoja na ile bushi iliyolika, nikaupeleka Mbarara kwa fundi wa kuchonga vyuma. Akapima kipini na tundu, akanichongea bushi ya nailoni, shilingi 15,000. Nililipa mimi. Bushi isibane sana, mkono utakuwa mgumu na hautarudi katikati wenyewe. Nikaweka na klipu mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imepinda. Nikajaribu gia zote injini ikiwa imezimwa, halafu ikiwaka, halafu nikapanda na gari kilima nikiwa peke yangu. Ndipo nikarudisha ufunguo. Siku mbili mzee hakufanya kazi, na hakunidai.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, naomba niseme neno moja kwa heshima. Mafunzo mliyotupa yametusaidia, bila hayo nisingekuwa na spana hata moja. Lakini darasani tulifundishwa kutoa kifaa kibovu na kuweka kipya. Huku kipya hakipo. Tufundisheni pia kupima kilichopo: kipi kinaweza kuchongwa, kipi kinaweza kuvumilia wiki, kipi hakifai hata siku moja. Na kwenye sanduku la vifaa ongezeni kipimo cha milimita. Mimi nilipanda bodaboda na mkono mzima wa gia mgongoni kwa sababu sikuwa nacho.

Siku hizi nina daftari. Kila kazi naandika mojawapo ya maneno mawili: "imepona" au "kwa muda". Ikiwa ya kwa muda, nabandika plasta kwenye dashibodi, naandika tarehe ya kurudi. Wateja wengine wamekasirika wakaenda kwingine. Wengi wamerudi.

Yule mzee bado ni mteja wangu. Kila nikimpa ufunguo hauchukui mara moja. Ananiangalia kwanza, anauliza: "Imepona ao imefungwa tu?" Na mimi namjibu ilivyo.