Kiingilio, Vocha na Arubuni

Nimekulia Unguja, na Unguja ya utoto wangu muziki ulilipiwa usiku uleule unapopigwa. Sikukuu ya Idd ikifika watu wanajua taarab iko wapi. Unavaa, unakwenda, unatoa kiingilio mlangoni, unakaa. Harusini hutoi hata hicho. Wimbo ukikugusa unainuka na noti yako, unamtunza mwimbaji mbele za watu, unarudi kitini. Mvua ikinyesha na shughuli ikavunjika, kila mtu anaondoka na fedha yake mfukoni na hakuna wa kumdai mwenzake.

Berlin, nilikohamia baadaye, nilikuta utaratibu mwingine kabisa. Kule mtu hununua tiketi miezi sita kabla, pengine mwaka, akaibandika ubavuni mwa friji na kuisubiri. Nilichukua muda kuuzoea, kisha nikaupenda, kwa sababu kusubiri nako kuna raha yake. Mwishoni mwa 2019 nilinunua tiketi mbili, yangu na ya mke wangu, za onyesho la mwimbaji kutoka Mali ambaye tulikuwa tukimsikiliza tangu siku za uchumba. Onyesho lilikuwa la Aprili 2020.

Machi 8 waziri wa afya wa Ujerumani, Jens Spahn, alishauri mikusanyiko ya watu zaidi ya 1,000 ifutwe. Siku nne baadaye okestra ya Berliner Philharmoniker ikapiga chini ya Simon Rattle katika ukumbi mtupu, na onyesho likarushwa bure kwenye intaneti. Tulilitazama sebuleni. Muziki ulikuwa wa hali ya juu, lakini kilichonikaa moyoni ni pale kipande kilipokwisha na hakuna aliyepiga makofi. Mimi nimelelewa kwenye muziki ambao msikilizaji ni nusu ya shughuli. Mwimbaji wa taarab anarudia beti kwa sababu kuna mtu ameinuka. Pale hapakuwa na wa kuinuka.

Ujumbe kuhusu onyesho letu ulikuja baadaye kidogo, ukisema limeahirishwa hadi tarehe itakayotangazwa. Neno hilo lilikuwa na uzito mwaka ule. Onyesho lililofutwa lilimpa mnunuzi haki ya kudai chake. Lililoahirishwa bila tarehe lilimwacha hewani, na Marekani watu wengi walijikuta humo, tiketi mkononi, fedha haipo, siku haijulikani. Ujerumani ikalitungia sheria mwezi Mei: aliyenunua tiketi kabla ya Machi 8, 2020 angeweza kupewa vocha badala ya fedha. Mwenye shida kubwa aliruhusiwa kudai fedha papo hapo, na vocha ambayo haikutumika hadi mwisho wa 2021 ililazimu kulipwa taslimu.

Nasi tulipewa vocha. Mke wangu alikasirika, na kwa haki. Tulikuwa tumenunua muziki, siyo kumkopesha mtu bila riba. Italia nako walitoa vocha, na Paul McCartney, aliyekuwa apige Naples na Lucca kiangazi kile, alilalamika hadharani kwamba wapenzi wake wananyimwa fedha zao. Lakini kadiri nilivyosoma jinsi biashara ile inavyokwenda ndivyo nilivyozidi kuona kwamba fedha yetu haikuwa imelala kwenye kasha ikitungoja. Tiketi inayouzwa mapema ndiyo inayolipa mapema: amana ya ukumbi, mabango, ndege ya wanamuziki, mafundi wa sauti. Mwandalizi mdogo ambaye wanunuzi wote wangemjia siku moja angefunga, na onyesho lisingekuwepo mwaka ule wala mwaka uliofuata. Glastonbury ya Uingereza, iliyofutwa mwaka wa kuadhimisha miaka yake 50, iliwaomba watu waache amana zao za pauni 50 zivuke hadi 2021, na wengi waliziacha. Kisha 2021 nayo ikafutwa. Tamasha lilirudi 2022. Wale watu walikuwa wamelibeba kwa imani miaka miwili.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikimweleza mjomba wangu kwenye simu. Yeye ni mpiga fidla, amepiga harusini na mahotelini maisha yake yote. Alinisikiliza, kisha akasema, "Wewe mwanangu una karatasi. Una wa kumdai. Mimi nimdai nani?"

Sikuwa na la kumjibu. Zanzibar ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona Machi 18, na mikusanyiko ikawa imezuiwa, harusi zikiwemo. Watalii, waliopindukia 500,000 mwaka 2019, walipungua kwa takriban nusu mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa karibu hapakuwa na mgeni wa kupigiwa fidla wakati wa chakula cha usiku. Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili, mwezi ambao wapigaji wa taarab hupumzika kwa desturi, wakitegemea Mfunguo Mosi: Idd kwanza, kisha msururu wa harusi. Idd ile ikapita kimya. Hakukuwa na tiketi za kurudisha kwa sababu hazikuwepo zilizouzwa. Hakuna aliyeingia barabarani kudai, hakuna bunge lililoketi kutunga sheria ya vocha, na kwa hiyo ilionekana kana kwamba kwetu hakukupotea kitu. Kilipotea chote, ila kilipotea kwenye mifuko ya wapigaji peke yao.

Berlin ilimpa msanii anayejitegemea ruzuku ya euro 5,000 wiki chache baada ya kumbi kufungwa. Kenya ilitenga shilingi milioni 100 kwa ajili ya wasanii. Uganda ilifunga maonyesho ya muziki karibu miaka miwili, hadi Januari 2022. Mjomba alipewa mchele na jirani.

Tanzania ilifungua mapema kuliko wengi. Kuanzia Juni 2020 harusi zilirudi, lakini mkono wa kutunza ulikuwa umekuwa mzito, kwani hata watunzaji walikuwa wamekaa bila kazi. Februari 2021 nilikwenda nyumbani, na safari hiyo naikumbuka kuliko zote. Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004 na kuijaza Ngome Kongwe karibu kila Februari, lilifanyika siku mbili tu badala ya nne. Sehemu nyingi duniani kumbi zilikuwa zimefungwa wakati huo. Nilisimama ndani ya kuta zile nikiwa nimevaa barakoa, karibu peke yangu katika kundi langu, ngoma inapiga kifuani, Warusi na vijana wa Ng'ambo wamechanganyika mbele ya jukwaa. Nilifurahi hadi machozi. Na niliogopa, kwa sababu nje ya Ngome mji mzima ulikuwa ukinong'ona juu ya Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais, ambaye chama chake kilikuwa kimesema wazi kwamba ana korona. Alifariki Februari 17, siku chache baada ya tamasha. Sijaweza kuitenganisha furaha ile na msiba ule, wala sidhani inafaa kuitenganisha.

Mjomba hakwenda Ngomeni. Alisema umri wake haumruhusu kubahatisha.

Mwaka 2022 waandaaji wa Busara walisema bila wafadhili wapya hawataweza kuendelea, na waliolijua tamasha walikumbuka 2016, mwaka lilipokosekana kabisa kwa ukosefu wa fedha. Kampuni inayojenga Fumba Town ikajitokeza kulidhamini, na Februari 2023 likafanyika lililoitwa la 20. Nashukuru. Lakini naona jambo ambalo korona ililiweka wazi: kiingilio pekee hakiwezi kulishika tamasha kama lile, kwa sababu bei ambayo Mzanzibari anaimudu haifikii gharama za jukwaa, na haifai ipandishwe hadi imfungie nje.

Vocha yetu ya Berlin haikutumika. Mwimbaji wetu hakupangiwa tarehe nyingine, na 2022 ilipoingia tukaandika kudai fedha, tukarudishiwa yote.

Unguja, mabadiliko yaliingia kwa mlango mwingine. Kundi la mjomba, ambalo lilikuwa likikubaliana harusi kwa kauli tu, sasa halifungui daftari bila arubuni ya nusu ya malipo, inayotumwa kwa simu ili ujumbe ubaki kama ushahidi. Wazee wengi wa bibi harusi walichukia mwanzoni. "Tangu lini tunaandikiana?" alisema mmoja wao, mtu aliyesoma chuoni na mjomba. Wakaandikiana hata hivyo.

Kilichowachukulia wapigaji muda ni kifungu kimoja: serikali ikizuia shughuli, arubuni ni ya nani? Mjomba alitaka ibaki yote kwa wapigaji, kwani wao ndio walioshinda na njaa mara ya kwanza. Vijana wa kundi walitaka irudishwe yote, wakihofia wateja watakimbilia kwa madijei. Waliniuliza mimi, kwa kuwa nimetoka kwenye vocha. Nikawaambia nusu irudi siku hiyohiyo, na nusu ibaki, igawiwe sawasawa kuanzia mwimbaji hadi mbeba vyombo. Ndivyo walivyoandika. Mjomba alitia sahihi wa mwisho, na bado anashikilia kwamba nusu ni ndogo.