Amemaliza Chuo, Mbona Anataka Kusoma Hesabu Tena?

Huenda nyumbani kwako yumo kijana, mvulana au msichana, aliyemaliza chuo kikuu. Amesoma hesabu miaka mitatu, na sasa, badala ya kutafuta kazi ya ualimu, anasema amepata nafasi ya kwenda nchi nyingine kusoma hesabu zile zile. Najua mnayosemezana jioni. Kwetu Ufipa yalisemwa vile vile: kujumlisha anajua, kutoa anajua, kuzidisha na kugawanya anajua, je, ziko nyingine?

Ziko, na moja nitakuonyesha hapa. Lakini kwanza nikueleze mahali penyewe, maana mzazi hutaka kujua mtoto analala wapi.

Mimi nilisomea shahada ya pili, ndiyo inayoitwa uzamili, katika chuo kiitwacho AIMS, huko Muizenberg, mji wa pwani karibu na Cape Town, Afrika Kusini. Kilianzishwa mwaka 2003 na Neil Turok, mtaalamu wa fizikia, mzaliwa wa Johannesburg. Wazazi wake walipinga ubaguzi wa rangi, baba yake akafungwa, kisha jamaa nzima ikakimbilia Kenya na Tanzania. Kwa hiyo bwana huyo alipata kuishi Dar es Salaam utotoni. Yeye mwenyewe husimulia kwamba alipokuwa na miaka 17 alikwenda kufundisha kwa kujitolea kijijini Lesotho. Siku moja aliwatoa watoto nje akawaambia wakadirie urefu wa jengo. Mtoto mmoja mdogo akaonekana ameinama, anaandika chini. Kumbe alikwisha pima tofali moja, akahesabu matofali toka chini hata juu, na sasa alikuwa anazidisha. Tangu hapo Turok amesadiki kwamba akili za hesabu zimejaa vijijini, ila hazina mlango wa kutokea.

Jengo la chuo lilikuwa hoteli hapo zamani. Wanafunzi hulala humo humo, na walimu wageni nao humo, na wote hula pamoja, hata ukiwa na swali saa nne ya usiku unaweza kumkuta mwalimu kwenye ngazi ukamsimamisha. Mwalimu mmoja hufundisha wiki tatu, anakwenda zake, anaingia mwingine. Wenzangu walitoka Madagaska, Sudani, Kameruni, Nigeria na kwingineko. Waliosoma kwa Kifaransa ndio niliowahurumia, maana masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na wiki za kwanza walikuwa na kazi mbili. Mimi ni mtu wa nyanda za juu, baridi naijua. Lakini ya kule huja pamoja na mvua na upepo wa bahari, tena katika miezi ambayo kwetu ni kiangazi. Mwana apewe sweta nzito.

Ada sikulipa, wala chumba, wala chakula. Hata fomu ya kuomba nafasi sikuilipia senti. Mtu akija kijijini akadai fedha ili "amsaidie" mtoto wako kupata nafasi kama hiyo, mfungie mlango.

Basi, turudi kwenye hesabu. Mbu wa malaria unamjua. Daktari Mwingereza, Ronald Ross, mzaliwa wa Bara Hindi, aligundua mwaka 1897 kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1902. Watu wakamwambia: mbu hawaishi, utawamaliza lini? Ross akashika kalamu akaonyesha kwa hesabu kwamba si lazima kuwamaliza. Ikiwa kila mgonjwa mmoja anasababisha wagonjwa wapya pungufu ya mmoja, ugonjwa hufifia wenyewe, kama moto uliokosa kuni. Miaka ya 1950 mwenzake, George Macdonald, akaendeleza kazi hiyo, akauliza: ni lipi lenye nguvu zaidi, kupunguza idadi ya mbu, au kufupisha maisha yao?

Jambo hili nililifanya kwa maharage mkekani nilipokuja likizo, na baba yangu mkubwa, mtu asiyeshawishika upesi, akahesabu kwa mkono wake. Mbu akimuuma mgonjwa hamwambukizi mwingine siku ile. Kijidudu hukaa ndani yake kama siku 10 au zaidi kikikomaa, na mbu wengi hufa kabla. Weka maharage 100. Kila siku ondoa moja katika kila kumi: siku ya kwanza yanabaki 90, ya pili 81, ya tatu 73, na siku ya kumi yapata 35. Sasa anza upya, uondoe mawili katika kila kumi: 80, 64, 51, na siku ya kumi hayabaki zaidi ya 11. Vifo vya kila siku umeviongeza mara mbili tu, lakini mbu wa hatari wamepungua zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana chandarua chenye dawa hulinda hata jirani asiye nacho, maana mbu akikigusa siku zake hukatika.

Baba mkubwa akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na mbu anayetuuma barazani kabla ya kulala, yumo katika maharage haya?" Hayumo. Hiyo ni hesabu nyingine, ngumu kweli kweli, na wataalamu wangali wanaifanyia kazi, hata hapa kwetu Ifakara.

Jambo moja zaidi, na hili naliona zito kuliko la sweta. Sikuwa nimemaliza mwezi mmoja, simu zikaanza: paa la shangazi, ada ya binamu, mbolea. Walidhani aliye nje anashika mshahara. Nilichokuwa nacho ni fedha ndogo ya sabuni. Mwenzangu mmoja alikuwa akipeleka nyumbani yote aliyopewa, kisha anatembea kwa miguu penye treni, na usiku hasomi kwa mawazo; alikaribia kuacha masomo. Nyumbani kwao hawakujua. Nasema bila kuficha: mwaka ule mmoja, usimwombe kitu. Ng'ombe uliyekuwa ukitegemea amlipie binamu, mwuze wewe.

Lakini mpigie simu. Jumapili jioni ni saa nzuri, ukikumbuka kwamba saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Usimwulize ameshika nambari ya ngapi. Mwambie mvua imenyesha wapi, nani kaoa, na ndama wa yule ng'ombe mweusi ana rangi gani.