Inalia au Inagonga?

Pikapu ya baba ni Hilux ya mwaka 1999. Kwetu Nyambureti watu huitambua kabla haijatokeza, maana sauti yake hutangulia. Imebeba mahindi, mbuzi, maharusi, wagonjwa, na mara mbili jeneza. Nilipokwenda likizo nikapanda naye kwenda Mugumu, na hatukufika mbali nikamwambia, "Baba, huku mbele kuna kitu kinalia."

"Hakuna kitu."

Kilikuwepo. Nilikisikia kwenye kila shimo. Nikarudia, akasema nimezoea magari ya mjini. Nikanyamaza kwa hasira. Ubishi wa wazee, nikajisemea.

Kwenye gereji ya kwanza nilisema tu, "Inalia mbele." Kijana akaitikia kwa kichwa, akafunga shokapu mbili mpya. Nililipa kwa hela niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya ada ya mdogo wangu. Tukarudi nyumbani na sauti ileile.

Wiki iliyofuata tukaenda kwa fundi mwingine, mtu mzima, mwenye kijiwe chini ya mwembe. Hakugusa spana. Aliniuliza, "Dada, inalia au inagonga?"

Mimi ninayejidai kuandika, nikakosa neno. Kwetu gari likiwa na shida yoyote "linalia", kama mtoto, kama kengele, kama simu. Fundi hakuridhika. Ikivuma kama nyuki, na mvumo unapanda na mwendo, tazama beringi. Ikitoa ta-ta-ta ukikata kona hadi mwisho, ni jointi ya ekseli. Ikilalamika kama kitanda kikuukuu, halafu mvua ikinyesha inatulia, bushi zimekauka. Ikigonga kwenye mashimo, mwendo mdogo, hapo usichelewe.

"Inagonga," nikasema. "Ngu, ngu. Upande gani, sijui."

"Kushoto," alisema baba.

Tulimgeukia. Alikuwa anatazama kofia yake mkononi. "Mimi siisikii. Ila kwenye mashimo naipata mguuni, na usukani unavutia kushoto."

Ndipo nikaikumbuka redio yake inayosikika mpaka kwa jirani, na simu ninazompigia akajibu swali ambalo sikuliuliza. Baba hakuwa mbishi. Masikio yalikuwa yamepungua. Angekubali kwamba kuna kitu, ingembidi aseme amekijuaje bila kukisikia. Ikawa rahisi kwake kusema hakuna.

Fundi akapiga jeki. "Shika tairi saa sita na saa kumi na mbili, tikisa." Nilisita: saa yetu au ya kwenye simu? Akacheka. Hata ukizibadilisha, mikono inabaki juu na chini. Nikatikisa, tairi likacheza. Akamwambia baba akanyage breki. "Kucheza kukiisha, ni beringi. Kukibaki, ni boljointi." Baba akakanyaga. Nikatikisa tena. Likacheza vilevile.

Fundi akaingiza mtaimbo chini ya tairi, akanyanyua taratibu. Boljointi ya chini ikaruka ndani ya nyumba yake, nami nikaisikia ile ngu, safari hii karibu na uso wangu. "Hii ikichomoka njiani," alisema, "tairi linalala, na usukani hauna kazi tena."

Jumanne ya wiki ileile, usiku, baba alikuwa amempeleka jirani yetu mjamzito hospitali kwa gari hilo. Mama wa yule binti alikaa nyuma, amemshikilia. Mimi nilikuwa nimelala. Hakuna aliyeitaja safari hiyo pale chini ya mwembe, lakini baba alishuka, akaenda kukaa kwenye gogo, akawa anapikicha goti lake la kushoto mpaka fundi alipomaliza.

Boljointi mpya ilikuwa nafuu kuliko zile shokapu.

Wakati wa kurudi alizima redio. Tulipofika penye mashimo akapunguza mwendo, akauliza bila kunitazama, "Imeacha?"

"Imeacha. Na mguuni?"

"Hamna kitu." Tukaenda kidogo. "Haya mambo ya masikio, mama yako usimwambie."

Sikumjibu. Shimo lililofuata aliuliza tena, "Imeacha?" Nikasema kwa sauti kubwa zaidi, "Imeacha, baba."