Kanda Niliyoifuta

Ninayotaka kukusimulia ni habari ya kanda moja ya kaseti, na ya mama mkwe wangu aliyeaga dunia mwaka 2009.

Niliolewa Nkwenda. Siku hizi ni Wilaya ya Kyerwa, lakini wakati ule, kabla ya mwaka 2012, sote tulikuwa Karagwe. Mwaka 2002 mume wangu aliuza kahawa, akarudi kutoka Omurushaka na kanda ya Saida Karoli. Bila shaka unaikumbuka, ile yenye wimbo wa "Maria Salome", ambao wengi waliuita "Chambua Kama Karanga". Ilitoka mwaka 2001, na ikachezwa Bukoba, Dar es Salaam, hata Uganda na Kenya, na watu wasiojua neno moja la Kihaya.

Mama mkwe hakujua Kiswahili cha kutosha. Redio ilikuwa yetu, si yake. Tulipokaa kusikiliza taarifa ya habari, yeye alikwenda zake shambani. Siku ile alikuwa akimenya ndizi. Aliposikia sauti ya mwanamke akiimba Kihaya, ambacho sisi Wanyambo tunakielewa bila taabu, aliweka kisu chini akauliza, "Huyo ni binti wa nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alitaka kweli kujua ukoo wake.

Tangu siku hiyo kila jioni alikuja kukaa jikoni kwangu. Betri zilipopungua nguvu, yeye ndiye aliyezianika juani. Alimfunga binti yangu mgongoni, akawa anacheza polepole kwa mabega tu, huku akinieleza maneno ya zamani ambayo mimi sikuyajua. Kabla ya hapo hatukuwa na mazungumzo mengi. Wewe uliyeolewa ukakaa boma moja na mama wa mume wako unanielewa. Saida ndiye aliyetupatanisha, ingawa hatukuwahi kugombana.

Mwaka 2004 nilijiunga na kikundi cha akina mama usharikani. Siku moja mama mmoja alitufundisha kwamba nyimbo za kidunia hazifai kusikika katika nyumba ya mwamini. Akautaja huo wa Salome hasa. Akasema Salome ndiye yule msichana aliyecheza mbele ya Herode mpaka Yohana Mbatizaji akakatwa kichwa. Niliogopa sana. Sikumwuliza mume wangu, wala sikumwuliza Mama. Nilisokota karatasi nikaziba vile vitundu vya juu ya kanda, nikaichukua redio siku ya mazoezi ya kwaya, nikarekodi kwaya yetu juu ya Saida, upande wa kwanza na wa pili.

Jioni Mama alikuja kama kawaida, akabonyeza kitufe. Kwaya ikaimba. Alisikiliza wimbo mzima mpaka mwisho, akasema, "Mwana wange, wanaimba vizuri," akainuka. Hakuja tena jikoni kwangu jioni. Mimi nilijiambia kwamba miguu inamsumbua.

Miaka mingi baadaye nilipangiwa kusoma neno siku ya Pasaka. Nikafungua Marko 16. Huyo hapo, katika aya ya kwanza kabisa: Salome, pamoja na Mariamu Magdalene na Mariamu mama yake Yakobo, wamenunua manukato waende kuupaka mwili wa Yesu. Nikarudi Marko 6, nikaenda Mathayo 14. Msichana aliyecheza mbele ya Herode hakutajwa jina. Jina lake limetoka katika vitabu vya historia, si katika Injili. Nilikaa na Biblia mapajani mpaka chai ikapoa. Mama alikuwa amekwisha kuzikwa.

Desemba 2016 binti yangu alirudi likizo kutoka bweni akiimba "Salome". Nikamwambia, huo ni wa Saida Karoli. Akakataa katakata: "Hapana Mama, ni wa Diamond na Rayvanny, umetoka mwaka huu." Tulibishana mpaka baba yake akatoa simu, akautafuta ule wa zamani. Mtoto alinyamaza. Kisha akauliza, "Mbona anaimba hivi na mimi simjui?" Halafu akauliza swali lililoniuma zaidi: "Anasema nini?"

Sisi tulimlea kwa Kiswahili ili asihangaike shuleni. Nilimfasiria nilivyoweza. Kuna mahali nilikwama, mahali ambapo Mama angenisaidia.

Siwalaumu wale vijana. Walijenga wimbo wao juu ya wimbo wake, na wakafanya watu waulize tena yuko wapi. Kwa miaka mingi alikuwa kimya, na huku kwetu wako walioapa kwamba amekufa. Mwaka 2017 akarudi mwenyewe na wimbo mpya, "Orugambo", yaani maneno ya watu. Nilipousikia redioni niliona haya. Watu walikuwa wakisema nchi nzima imemsahau Saida, na mimi nilikuwa nimeshamfuta kwa mkono wangu, miaka mitatu tu tangu kanda itoke.

Kanda ile bado ninayo. Likizo hiyohiyo binti yangu aliikuta kwenye sanduku, tukaazima redio ya zamani kwa jirani. Tuliisikiliza kwaya yote, nusu yao sasa ni marehemu. Upande wa pili kwaya ilikuwa imemaliza kabla ya kanda kwisha. Kukawa na mkwaruzo, halafu kimya, halafu ngoma, na Saida, labda kwa nusu dakika, kisha kitufe kikaruka.

Binti yangu akaichomoa, akaingiza kalamu tunduni, akaanza kuirudisha nyuma.

"Bibi alikuwa akicheza huu nikiwa mgongoni?" akauliza.

"Huohuo."