Chuma cha Mukuku na fimbo za Mungu

Samahanini wasomaji kwa kimya cha muda mrefu. Kuna sacco moja hapa Eldoret ambayo hesabu zake za mikopo zimenikalia kichwani, na mtu hawezi kuandika blogu huku anatafuta senti 40 zilizopotea kati ya majedwali mawili. Leo nimepata nafasi, kwa hiyo wacha nitimize ahadi. Watu wawili wameniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, kama ni kweli kuna silaha ya kuangusha kutoka anga za juu, chuma kitupu bila baruti yoyote ndani, ambacho kikitua kinafanya kazi ya bomu. Jibu fupi ni ndiyo, kwenye karatasi. Jibu refu linaanzia shambani kwa mama mkwe wangu.

Mke wangu ni wa Makueni. Tarehe 30 Desemba 2024, siku ya Jumatatu alasiri, chuma kilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti hiyohiyo. Nyote mliona picha: pete kubwa yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi, imelala kichakani, watu wameizunguka. Waliokuwa karibu walisimulia kwamba walisikia mlio kama wa bomu, na kwamba chuma kilikuwa cha moto hata ikabidi wangoje kipoe. Bahati nzuri hakikumgusa mtu. Tarehe 1 Januari 2025 Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, lilitoa taarifa kwamba uchunguzi wa awali unaonyesha ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Taarifa haikutaja mwenye roketi.

Mama anaishi mwendo wa boda boda kutoka hapo. Jioni ya Jumanne alinipigia mimi, si binti yake.

"Baba Chebet, wewe ndiye mtu wa kompyuta. Huko juu kuna nani anatutupia vyuma?"

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka. Alikuwa amepokea sauti kwenye WhatsApp, bwana mmoja anaongea kwa uhakika mkubwa kwamba ile pete ni jaribio la silaha, kwamba mataifa makubwa yana vyuma vimening'inia juu yetu na sasa wanapima shabaha Afrika. Mama alikuwa ameacha kwenda shambani, na ndengu zilikuwa zinakauka. Aliyelima ndengu anajua: ukichelewa siku chache ganda linapasuka lenyewe juani, na punje zinamwagika chini. Kwa hiyo swali halikuwa la mzaha. Alikuwa anataka kujua kama atoke au asitoke.

Nikamwambia, "Mama, nipe mpaka kesho."

Sasa, yule bwana wa sauti hakubuni kila kitu. Wazo lipo na ni la zamani. Jerry Pournelle, ambaye baadaye alijulikana zaidi kama mwandishi wa hadithi za kisayansi, alilifikiria miaka ya 1950 alipokuwa akifanya kazi kampuni ya Boeing. Unachukua nguzo za tangsteni, chuma kizito sana chenye kuvumilia joto kuliko vyuma vyote, unazipandisha kwenye setilaiti, halafu siku ya vita unazielekeza chini. Kasi ndiyo baruti yake. Wamarekani waliopenda utani waliziita fimbo za Mungu, na mwaka 2003 Jeshi la Anga la Marekani liliandika kuzihusu katika mpango wake wa silaha za siku zijazo. Kingine kinachowasha watu: Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza kuweka silaha za nyuklia na nyingine za maangamizi ya halaiki kwenye mzingo wa dunia. Nguzo ya chuma haimo humo.

Basi usiku huo, watoto wamelala, nikafungua laptopu nikapiga hesabu. Msiogope, ni hesabu za kidato cha tatu.

Nguzo inayotajwa mara nyingi ina urefu wa mita 6 na unene wa sentimita 30. Ikiwa ya tangsteni tupu, ina tani 8 na kitu. Wanaoitetea wanasema itagonga ardhi kwa kasi ya mara 10 ya sauti, karibu kilomita 3.4 kwa sekunde. Nishati yake inalingana na tani 11 hivi za TNT. Si kidogo, lakini ndiyo nguvu ya lile bomu kubwa ambalo Marekani ililiangusha Nangarhar, Afghanistan, Aprili 2017, na lile walilisukuma tu nje ya mlango wa nyuma wa ndege ya mizigo. Kupandisha nguzo ni habari nyingine. Roketi ya Falcon 9, ambayo ni ya bei nafuu kwa soko la leo, inauzwa karibu dola milioni 70 kwa safari na inabeba tani 17 hivi ikiwa itarudi kutua. Hapo zimeingia nguzo mbili kwa kubanana, bila kuhesabu vifaa vya kuziongoza. Zaidi ya shilingi bilioni 4 kwa nguzo moja, ufanye kazi ya bomu la kusukumwa mlangoni!

Tena huwezi "kuiachia" ianguke. Hapa ndipo wengi hupotea, hata mimi nilipotea nikiwa mwanafunzi. Kitu kilicho kwenye mzingo tayari kinaanguka, ila kinakwenda pembeni kwa kasi ya karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, kiasi kwamba kila kinapoanguka dunia nayo imejikunja chini yake. Ukifungua mkono, ulichoshika kitaendelea kusafiri kando yako. Novemba 2023 wanaanga wa Kituo cha Kimataifa waliponyokwa na mfuko wa vifaa walipokuwa nje wakifanya matengenezo. Je, ulianguka? Ulizunguka dunia miezi kadhaa na kuteketea Julai 2024. Kwa hiyo nguzo lazima iwe na roketi yake ya kuipunguzia mwendo, roketi hiyo nayo ina uzito, na uzito huo nao ulipiwe nauli.

Halafu kuna suala la kungoja. Setilaiti ya chini huzunguka dunia kwa dakika 90 na kidogo, na muda huo dunia imejizungusha. Ikipita juu ya Eldoret sasa hivi, mzunguko ujao itavuka ikweta kama kilomita 2,500 magharibi mwetu, yaani Gabon. Mwenye haraka ya kutupiga itabidi aweke setilaiti kwa makumi ili moja iwe karibu wakati wowote. Kombora la kawaida kutoka ardhini linafika popote kwa takriban nusu saa, na halijakaa miaka kumi angani likisubiri kuharibika. Ninayeandika programu za kufanya kazi bila kuguswa najua vile vitu hivyo huharibika. Seva ya pale ofisini, mita mbili kutoka kiti changu, inanishinda.

Sehemu iliyonifurahisha zaidi ilikuwa ya ile pete yenyewe. Kilo 500 zikiwa kwenye mzingo wa chini zina nishati ya zaidi ya tani 3 na nusu za TNT. Zingefika nazo Mukuku, leo tungekuwa tunazungumzia shimo, si pete. Lakini pete ni kitu kipana chenye uwazi katikati, na hewa inakikamata vizuri. Kabla ya kufika chini inakuwa imepunguzwa hadi kasi ambayo uzito na upinzani wa hewa vinalingana. Kwa makadirio yangu ni mita 75 kwa sekunde, tuseme kilomita 270 kwa saa. Nishati iliyobaki ni sehemu moja tu kati ya 10,000. Ni kama matatu ya Hiace iliyojaa abiria ikiteremka kutoka Timboroa kwa kilomita 110 kwa saa. Ukisimama mbele yake umekwisha, lakini hakuna taifa linalounda silaha namna hiyo. Atakaye silaha huchonga nguzo nyembamba ipenye hewa. Hakuna anayechonga pete.

Hadi hapo nilikuwa na jibu zuri la kumpa Mama. Ningelala. Lakini programa akipewa data hawezi kulala.

Tovuti ya CelesTrak huchapisha bure vipimo vya mizingo ya maelfu ya vitu vinavyozunguka dunia, vizima na vifu. Nikaandika skripti fupi ya Python ichuje vile ambavyo mzingo wake umelala karibu na ikweta, chini ya nyuzi 7, na ambavyo sehemu ya chini ya safari yao inagusa angahewa. Orodha haikuwa fupi. Majina yakajirudia: Ariane, Ariane, Ariane. Sababu ni hii. Roketi za Ariane huruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta. Zikipeleka setilaiti za televisheni huko juu, kilomita 36,000, masalio yao hubaki kwenye mzingo mrefu kama yai, mwinamo wa nyuzi 6 hivi au pungufu. Na kitu chenye mwinamo wa nyuzi 6 hakitoki kamwe nje ya mkanda wa nyuzi 6 kaskazini na 6 kusini. Si London, si Moscow, si Beijing. Siku kikianguka, kitaanguka ndani ya mkanda huo, na sehemu kubwa yake ni bahari.

Kenya nzima, kutoka Ilemi hadi Vanga, imo humo.

Nikapiga hesabu nyingine. Kenya ni sehemu moja kati ya 880 ya uso wa dunia. Katika mkanda ule ni sehemu moja kati ya 92. Yaani kwa taka za namna hii, uwezekano wa kutuangukia ni karibu mara 10 ya vile ungedhani ukitazama ramani ya dunia nzima. Mtafiti mmoja wa Uholanzi anayefuatilia mizingo, Marco Langbroek, alipochunguza suala la Mukuku alipendekeza kwamba pete huenda ilitoka kwenye Ariane 5 iliyoruka Julai 2008. Jonathan McDowell, mtaalamu mwingine mwenye jina, yeye hakushawishika kwamba kilitoka anga za juu hata kidogo, kwa kuwa hakuona dalili za kuungua vya kutosha. Siku chache baada ya tukio ikasambaa habari kwamba Kenya inaidai India fidia, KSA wakakanusha.

Kinachoniuma ni kwamba ikweta ndiyo tuliyofundishwa kujivunia. Waitaliano walikuja kurusha roketi kwenye majukwaa ya San Marco, baharini karibu na Malindi, kati ya 1967 na 1988, kwa sababu hapa dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa na kukupa msukumo wa bure. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kuchunguza eksirei iliruka kutoka pale ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku yetu. Kila kitabu cha shule kinapaswa kuitaja. Mwaka 1979 nayo ilirudi kwenye angahewa, na mzingo wake ulikuwa wa nyuzi 3 tu. Mstari uleule unaovuta roketi ndio unaopokea makombo.

Asubuhi nikampigia Mama. Nilimwambia si silaha, na kwamba hakuna mwenye akili atakayetumia mabilioni kupiga ndengu. Nikamwambia kitu kama kile kikija tena ndani ya mkanda wetu, uwezekano wa kutua kwenye ekari moja fulani ni mmoja kati ya bilioni 13. Akanyamaza kidogo.

"Na wa Mukuku walikuwa na hesabu hiyo?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, "Kikiangukia mbuzi wangu, nani analipa?"

Hilo nililisoma baadaye. Kuna mkataba wa 1972 unaosema nchi iliyorusha kitu inalipa hasara ya ardhini hata kama haikufanya kosa. Lakini anayedai ni serikali kwa serikali, na lazima kwanza ijulikane kitu ni cha nani. Setilaiti ya Kisovieti yenye kinu cha nyuklia, Cosmos 954, ilipomwagika kaskazini mwa Canada Januari 1978, Canada ilidai dola milioni 6 na ikapata milioni 3 mwaka 1981. Canada ilikuwa na rada, na wanasheria, na kila kipande kilijulikana kilikotoka. Mbuzi wa Makueni angehitaji vyote vitatu.

Mama alirudi shambani Alhamisi, pamoja na majirani wawili, mapema kabla jua halijapanda. Ndengu za upande wa juu zilikuwa zimeshamwagika. Aliponipigia jioni nilidhani atalalamika, kumbe alikuwa na swali lingine. Alitaka kujua kama wale wa Nairobi waliobeba pete bado wanaihitaji, kwa maana chuma kilionekana kizuri, na lango la zizi lake limeoza.