Butembo: Fundi na paja la ng'ombe lililokataa kuzunguka

Katika komini ya Kimemi, mjini Butembo, kuna fundi mmoja wa kusudea vyuma ambaye wakaaji wa kartie wanamjua kwa milango na madirisha. Mambo ya kuchoma nyama hakuyajua. Lakini jirani yake alipomfuata akitafuta mashine ya kuzungusha paja zima la ng'ombe kwenye moto kwa ajili ya ndoa ya binti yake, fundi alijibu haraka: «Hiyo ni kazi ndogo.»

Jirani hakutoa hata franka moja ya kuanzia. Alisema atalipa siku ya ndoa. Bahati nzuri, au pengine mbaya, juma hilo zamu ya likilimba ilikuwa imefika kwa fundi: dola 70. Mke wake alikuwa amekwisha kuzihesabia minervali ya binti yao mkubwa, aliye darasa la sita la sekondari, mwaka wa mtihani wa Serikali.

«Baba, hiyo pesa iko na jina,» mama alimwambia.

«Itarudi kabla ya shule kufukuza watoto,» fundi akajibu. Mama alinyamaza, na siku mbili hakumuuliza kitu kingine.

Fundi alinunua pipa la lita 200 lililokuwa limebeba mafuta ya kupikia. Hakutaka lile la petroli, kwa sababu mvuke unaobaki ndani unaweza kulipuka mara tu cheche inapogusa. Alilipasua kwa urefu, akachoma ndani yake moto mkali wa kuni hadi rangi yote ikatoka, kisha akalisimamisha juu ya miguu minne ya chuma. Kwa mti wa kuzungushia nyama, alichukua bomba la mviringo lililobaki kwenye kazi nyingine. Upande mmoja akasudea mkono wa kuzungushia. Grupu ilikunywa esanse mchana mzima.

Jumapili, siku sita kabla ya ndoa, alijaribu kwa paja la mbuzi. Watoto wa kartie walijaa uani. Makala yakashika, mkono ukazungushwa, bomba likazunguka vizuri kabisa. Nyama haikuzunguka. Bomba lilikuwa linateleza ndani ya nyama, na upande mzito ulibaki chini palepale. Mafuta yakadondoka juu ya makala, moto ukaruka. Baada ya nusu saa, chini kulikuwa kweusi kama sufuria, na juu bado damu. Watoto walicheka. Mama alichukua nyama kimya, akakata sehemu iliyoungua, iliyobaki akaitia katika sufuria.

Jioni alipita mzee mmoja anayetengeneza chukudu. Aliitazama mashine, akaizungusha kwa kidole.

«Kijana wangu, wewe umetengeneza mlango,» alisema. «Hiki kitu ni gurudumu. Gurudumu lisilolingana uzito linaangusha mwenye chukudu.»

Kazi ikaanza upya. Bomba likatupwa. Zaidi ya kuteleza, lilikuwa limepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi unaougonjesha mtu. Mahali pake pakawekwa chuma kizito chenye pande nne, pamoja na uma mbili zenye meno marefu, zinazobana nyama huku na huku na kukazwa kwa bulo. Mzee alileta rulma mbili za zamani. Zilifungwa kwenye miguu, nje ya pipa, ili moto usiyeyushe grisi yake. Kisha fundi akatafuta pinyo za pikipiki: ndogo ya meno 14 kwenye mkono, kubwa ya meno 42 kwenye chuma cha nyama, na mnyororo kati yao. Mkono ukizunguka mara 3, nyama inazunguka mara 1. Mtu hachoki, na nyama haikimbii.

Palibaki uzito. Mzee alimwonyesha: nyama ikiisha kufungwa, ondoa mnyororo, acha chuma kijizungushe chenyewe. Upande unaoshuka ndio mzito. Funga kipande cha chuma upande wa pili, nje ya moto, ukisogeze mpaka nyama isimame popote utakapoiacha.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, paja la kilo 15 lilipanda juu ya moto. Safari hii makala yalipangwa pande mbili, na katikati, chini ya nyama, kukawekwa sahani ya kupokea mafuta. Vijana walipokezana mkono. Saa za mwisho alikaa binti wa fundi, mkono mmoja kwenye mashine, mkono wa pili na daftari la kemia. Karibu na saa sita mchana, mzee alichoma kisu mpaka karibu na mfupa. Maji yaliyotoka hayakuwa na damu.

Wageni walikula, wengine wakaomba namba ya simu ya fundi. Jirani alilipa nusu, akasema nusu nyingine itakuja mwisho wa mwezi. Fundi alipeleka zote kwa mama bila kuzihesabu. Mama alizihesabu mara mbili. Jumatatu binti alikwenda shuleni na sehemu ya minervali, akarudi na risiti, na ahadi ya baba yake kwamba deni litaisha kabla ya mtihani.

Mashine sasa iko chini ya shitingi, pembeni ya milango. Anayetaka kuikodi analipa nusu kabla ya makala kuwashwa. Na pesa hiyo inapokelewa na mama.