Ukuta wa Vigae wa Zaragoza

Katika nchi ya Hispania, kando ya mto Ebro, uko mji uitwao Zaragoza. Waislamu walioutawala zamani wakiuita Sarakusta. Mwaka 1118 mfalme Alfonso wa Kwanza wa Aragon aliuteka, na msikiti wake mkuu ukageuzwa kanisa. Mahali pale pale leo limesimama kanisa kuu la Kikatoliki, La Seo.

Msafiri alizungukapo kwa nje huona ukuta mrefu wa matofali ya kuchoma, uliopambwa kwa vigae vya rangi mbalimbali. Ukuta huo ni wa kanisa dogo ambalo Askofu Mkuu Lope Fernández de Luna alilijenga katika miaka ya 1370 ili azikwe humo. Lakini pambo lake ni nyota na mistari isukanayo kama mkeka, mfano wa yale yaonekanayo katika misikiti ya Maghribi.

Siri yake ni hii. Waislamu wengi walibaki Aragon chini ya utawala wa Kikristo, nao walikuwa mabingwa wa kujenga kwa matofali. Mafundi wa vigae waliletwa kutoka Seville. Udongo hufinyangwa na kuchomwa, kisha hupakwa dawa ya madini: bati huleta weupe, shaba huleta kijani, kobalti huleta buluu. Ukirudishwa tanurini, uso wake hung'aa kama kioo, wala mvua haiufuti. Hapo fundi hukata vipande vidogo vidogo na kuvipanga kimoja kimoja hata nyota itimie. Hata jina la kigae kwa Kihispania, azulejo, asili yake ni Kiarabu, az-zulaij.

Je, watu wa kazi hiyo walilipwa nini? Mwaka 1526 Waislamu wa Aragon walilazimishwa kuiacha dini yao. Mwaka 1610 wajukuu wao walifukuzwa nchini, yapata miaka 230 tangu ukuta ule kumalizika. Ukuta ulihifadhiwa, bali kizazi cha waliokuwa na ujuzi huo kilitupwa ng'ambo ya bahari. Mwaka 2001 UNESCO ililiingiza jengo hilo katika urithi wa dunia, pamoja na majengo mengine ya namna hiyo ya Aragon.

Basi tusitosheke kujivunia vigae. Wakuu wale waliipenda kazi, wasimpende mwenye kuifanya. Dhuluma hiyo haikuishia Hispania, wala haina dini moja. Yuko kwetu asifuye mlango uliochongwa vizuri, ilhali seremala anazungushwa kwa ujira wake. Yuko avaaye kofia nzuri, na aliyeishona hasalimiwi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituusia tusicheleweshe haki ya mfanyakazi.

Enyi vijana, jifunzeni kazi za mikono. Nanyi wazazi, mkiisifu kazi, mheshimuni na fundi wake angali hai.